Barua ya Muhula Ndani ya Jalada la Atlasi: Uchambuzi wa Kisa cha Familia Moja ya Eastlands

Kisa hiki ni cha muhula wa pili wa mwaka 2025, katika shule moja ya sekondari ya kutwa upande wa Eastlands, Nairobi. Kijana nimempa jina la Musa. Majina ya shule, ya mtaa na ya wahusika wengine nimeyaacha nje, na mambo mawili matatu ambayo yangemtambulisha mtu nimeyabadilisha. Wazazi wake na yeye mwenyewe wamekubali kisimuliwe.

Mimi ni mshauri wa familia. Wazazi wanaonijia huanza kwa kusema mtoto ameharibika, ameingiliwa na marafiki wabaya, mtaa umemmeza. Mama Musa naye alianza hivyo hivyo. Tulipofuatilia mambo moja baada ya jingine tulikuta kwamba kwa zaidi ya mwaka mmoja habari zote za shule zilikuwa zikipitia kwa mtu mmoja tu, naye ni Musa. Mtoto akifanywa tarishi pekee kati ya shule na nyumbani, siku atakayokabidhiwa habari mbaya zinazomhusu yeye mwenyewe hatazifikisha. Hilo ndilo ninalotaka mzazi aliangalie kwa makini humu.

Familia na shule

Mama Musa anauza mitumba ya watoto Gikomba. Marobota hufunguliwa alfajiri, na anayechelewa huokota masalio, kwa hivyo yeye hutoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri na kurudi saa mbili usiku. Baba Musa ni dereva wa lori la masafa marefu, Mombasa hadi Malaba. Kuna wiki hulala nyumbani usiku mmoja, na kuna wiki haonekani kabisa. Watoto ni watatu: Musa mwenye miaka 16, dada yake wa gredi ya saba, na kitinda mimba wa miaka mitano aliye chekechea.

Musa aliingia kidato cha kwanza Januari 2024, katika kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4, wale waliofanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ya mwisho mwaka 2023. Siku ya kusajiliwa, mama yake alikuwa ushago akimuuguza nyanya na baba alikuwa barabarani. Aliyempeleka ni mjomba wake, ndugu ya mama, na kwenye fomu pale palipoandikwa "simu ya mzazi au mlezi" akaandika nambari yake. Lilikuwa jambo la busara kwa siku ile. Baadaye mwaka huo mjomba akahamia Eldoret kikazi, na nambari ikabaki ilivyo.

Katika shule hiyo, nambari za wazazi zilikuwa zikisahihishwa kila Januari kwenye kikao cha wazazi wa kidato cha kwanza, maana ndicho kikao pekee kinachojaza ukumbi, na wazazi wenye watoto wa madarasa ya juu hukitumia kupita ofisini. Januari 2025 hapakuwa na kidato cha kwanza nchini, kwa kuwa watoto waliofuata, wa mfumo mpya wa elimu, walikuwa bado gredi ya tisa katika sekondari msingi. Kikao hakikufanyika, na hakuna aliyekumbuka kwamba kilikuwa na kazi hiyo nyingine.

Muhula wa kwanza ulivyofungwa

Shule zilifungwa Ijumaa tarehe 4 Aprili 2025. Kila mwanafunzi alipewa bahasha moja yenye ripoti yake na barua ya muhula iliyosainiwa na mwalimu mkuu. Barua ile niliisoma baadaye. Ilikuwa ya kurasa mbili na yenye mambo ya maana: tarehe ya kufungua, 28 Aprili, likizo fupi, kuanzia 26 hadi 29 Juni, mkutano wa wazazi wa kidato cha pili Jumamosi moja ya mwezi Juni kuhusu masomo ambayo watoto wangechagua kuendelea nayo kidato cha tatu, na katika ukurasa wa pili, mstari mmoja uliokolezwa wino, kwamba kuanzia muhula wa pili ofisi haitapokea pesa taslimu. Pesa za chakula cha mchana zingelipwa kwa simu pekee, kwa nambari ya paybill.

Ripoti ilionyesha kwamba Musa ameshuka kutoka C+ hadi D+. Hisabati na Fizikia ndizo zilizomwangusha zaidi.

Musa hakuipeleka bahasha nyumbani kwa mama. Aliitia kati ya atlasi yake na karatasi ya kaki iliyoijalidi, akaibandika tena kwa selotepu. Mama alipouliza, alijibiwa kwamba ripoti zitatoka wakifungua. Aliamini, maana hakuwa na njia nyingine ya kujua. Huko Eldoret, mjomba alipata ujumbe wa shule kwamba ripoti zimetolewa, akadhani dada yake naye ameupata.

Kwa kuificha ripoti, Musa aliificha pia barua, na barua ndiyo iliyokuwa na habari ya paybill. Sidhani kijana aliyatafakari hayo. Alitaka tu gredi ile isionekane.

Shilingi mia mbili

Shule zilipofunguliwa, Mama Musa alimpa shilingi 3,500 mkononi za chakula cha muhula. Shule za kutwa za umma hazitozi ada ya masomo. Serikali imeweka mgao wa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Chakula cha mchana na sare ndivyo vinavyomwangukia mzazi, na kwa familia nyingi za Eastlands chakula hicho ndicho kinachoitwa karo.

Karani alizikataa pesa. Musa akakaa nazo. Angeweza kuzirudisha jioni ile ile, lakini mama hurudi amechoka, na swali la kwanza lingekuwa: "Walikuambia lini wanataka paybill?" Jibu lilikuwa kwenye bahasha. Akasema moyoni atamwambia Jumapili. Kabla Jumapili haijafika alikuwa ameshakula mia mbili: smoki, chipsi, soda na rafiki mmoja.

Katika kisa chote hiki, hiyo mia mbili ndiyo iliyonishughulisha kuliko jambo lolote. Kijana wa miaka 16 aliye na shilingi 3,300 mfukoni bado anaweza kurudi kwa mama yake. Yeye aliona hawezi. Kufikia katikati ya Mei zilikuwa zimepungua hadi chini ya nusu, na hapo shule ikaanza kuwarudisha nyumbani wenye deni la chakula. Jumatatu ya 19 Mei Musa alitolewa darasani pamoja na wenzake kadhaa, kila mmoja na kikaratasi chenye kiasi anachodaiwa.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda kwenye mjengo, jengo la ghorofa lililokuwa likipanda si mbali na steji, akaomba kibarua cha kubeba mawe na kuchanganya saruji. Alikuwa akitoka asubuhi na sare, anabadilisha nguo kwa rafiki, na jioni anarudi na sare. Alitaka kuzirudisha pesa zote kabla hazijaulizwa. Siku nyingine alifika shuleni, akakaa hadi jina lake lisomwe tena, akaondoka tena. Kufikia likizo fupi rejista ilionyesha hayupo kwa siku 14.

Mwalimu wa darasa alituma ujumbe kila mara. Ujumbe ulifika. Ulikuwa ukifika Eldoret.

Jumapili ya mwisho wa likizo fupi

Tarehe 29 Juni Mama Musa hakwenda sokoni. Alikuwa akifua sare za watoto wote kwa ajili ya Jumatatu. Alipokunjua pindo la suruali ya Musa akakuta saruji imeganda ndani, ngumu kama kokoto, na kwenye mfuko wa sweta uzi wa kufungia vyuma. Siku chache kabla alikuwa ameona malengelenge kwenye viganja vya kijana, akaambiwa ni jembe la somo la Kilimo.

Hakumwita. Alimaliza kufua, akaanika, akaenda kwa jirani, akampigia dada yake mkubwa. Mama mkubwa ndiye aliyenipigia mimi usiku ule.

Baba alipigiwa akiwa Mtito Andei, akanguruma. Alisema kijana atolewe shule hiyo mara moja, apelekwe ushago kwa babu yake au atafutiwe bweni mbali na Nairobi. "Samaki mkunje angali mbichi," alisema. "Huyu ameanza kukauka." Mama mkubwa, ambaye shemeji yake humheshimu, akamjibu: "Shemeji, hata hujajua alikuwa akifanya nini. Njoo kwanza umsikilize." Baba akakubali kusubiri afike.

Usiku huo Mama Musa na mimi tuliongea karibu saa nzima. Aliniuliza kama amfungie mlango na kumchapa, au ajifanye hajui hadi baba afike. Nilimwomba amwambie ukweli mmoja tu: kwamba ameiona saruji, kwamba Jumatatu watakwenda shuleni pamoja, na kwamba hatamwuliza zaidi usiku huo. Alimwambia. Musa hakujibu. Alikwenda kuitoa atlasi, akang'oa karatasi ya kaki, akamwekea mama bahasha mezani.

Siku saba zilizopotea

Jumatatu ya 30 Juni mama na mwana walifika shuleni saa moja asubuhi. Mwalimu wa darasa alikuwa kwenye semina. Naibu wa mwalimu mkuu alisema mwanafunzi aliyetoroka siku 14 hawezi kurudi darasani hadi kikao kifanyike, na nafasi ya karibu ilikuwa Jumatatu ya 7 Julai. Mama aliomba kijana akae darasani wakati wakisubiri. Akaambiwa ndiyo taratibu.

Waliokuwa Nairobi wanaikumbuka Saba Saba ya 2025, ile siku ya maandamano ya tarehe 7 Julai: polisi walifunga barabara za kuingia katikati ya jiji tangu alfajiri, na matatu nyingi hazikutoka. Kikao kikaahirishwa hadi Jumatano ya tarehe 9. Kwa hivyo kijana aliyekuwa amekosa masomo siku 14 kwa kutoroka alikosa siku nyingine saba akiwa nyumbani, amevaa sare, akisubiri.

Kikao

Walikuwepo wazazi wote wawili, mwalimu wa darasa, mwalimu wa ushauri nasaha, Musa na mimi. Baba alikuwa amefika usiku uliotangulia na hakuwa amelala vizuri. Mwalimu wa darasa, mwanamke mwenye sauti ya upole, alifungua rejista na kuanza kusoma tarehe. Halafu akasema, "Mama Musa, ujumbe nimekutumia mara nyingi. Hata mara moja hukunijibu."

"Mwalimu, mimi sijawahi kupata ujumbe wako."

Mwalimu akatoa simu, akamwonyesha. Mama akaisoma nambari mara mbili, akampa mumewe. Baba akasema, "Hii ni ya mjomba." Kwa muda hakuna aliyesema neno. Kisha baba akamgeukia Musa na sauti ikaanza kupanda.

Mwalimu wa ushauri nasaha akaingilia. Alimwomba baba ruhusa ya kuzungumza na kijana peke yao kwanza, nusu saa, sisi wengine tukisubiri nje. Baba hakupenda, lakini alikubali. Tuliporudi, Musa aliyasema yote mwenyewe, akiwa ameinamisha kichwa: ripoti, pesa zilizokataliwa, mia mbili, mjengo. Alipoulizwa kwa nini hakurudisha pesa siku ya kwanza, alisema, "Nilikuwa nimekula mia mbili. Niliogopa mama atahesabu."

Yakatoka na mengine ambayo hakuna aliyeyatarajia. Kila asubuhi tangu Januari, Musa ndiye aliyekuwa akimpeleka kitinda mimba chekechea, kwa kuwa mama ameshatoka. Geti la chekechea lilifunguliwa saa moja kasoro robo, na kwake vipindi vya asubuhi vilianza saa moja kamili. Hisabati ilikuwa kipindi cha kwanza siku tatu kwa wiki. Aliyechelewa alisimamishwa nje hadi kipindi kiishe. Kwa muhula mzima Musa alikuwa amekosa sehemu kubwa ya Hisabati akimshika mdogo wake mkono. Mama alishika mdomo. Kazi hiyo ni yeye aliyempa, na Musa hakuwahi kuilalamikia.

Mwisho Musa akavua kiatu cha kulia na kutoa noti zilizokunjwa ndogo. Zilikuwa shilingi 1,100, pesa za mjengo alizoweza kuweka. Baba alizipokea, akazinyoosha juu ya goti moja moja, akazihesabu. Nilidhani atazitia mfukoni. Akamrudishia. "Hizi utazilipa wewe mwenyewe," alisema. "Kwa simu ya mamako. Na meseji ikija utaniletea niisome."

Maamuzi, na kwa nini

Nambari ya mama iliandikwa kwanza kwenye rejista na ya baba ya pili, na mwalimu akazipigia zote mbili hapo hapo, kengele zikalia mezani. Hilo lilichukua dakika moja. Mjomba aliondolewa kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi, akapigiwa simu na dada yake kuelezwa kwa nini, ili asidhani amefukuzwa.

Deni la chakula liligawanywa mara tatu hadi mwisho wa muhula, la kwanza likiwa zile 1,100 za Musa. Wazazi walijaza pia fomu ya basari ya hazina ya eneo bunge na kuipitisha kwa chifu. Basari haikupatikana kwa muhula huo.

Baba aliachana na wazo la bweni. Kwa haki yake, hakulitupa kwa sababu ya kulainishwa. Mama alimwekea hesabu: katika mwongozo wa serikali, shule ya bweni ya kiwango cha kitaifa ni shilingi 53,554 kwa mwaka, nyingine za bweni 40,535, na nusu ya karo hutakiwa muhula wa kwanza. Nami niliongeza kwamba kijana anayejificha akiogopa kusema atajificha vizuri zaidi akiwa mbali. Baba alisikia zaidi hesabu ya mkewe.

Viboko havikutumika. Baba alivitaja, na mwalimu wa ushauri nasaha akamkumbusha kwamba shuleni vimepigwa marufuku tangu 2001. Na kwa nyumbani, alisema, kijana huyu amefika hapa kwa sababu ya woga, na kuongeza woga ni kumrudisha mjengoni. Alimpa Musa pia nambari 116, simu ya bure ya kusaidia watoto nchini, akamwambia anaweza kuipiga saa yoyote kukiwa na jambo asiloweza kumwambia mtu wa nyumbani.

Na kitinda mimba? Jirani wa mlango wa pili, ambaye mtoto wake yuko chekechea hiyo hiyo, alikubali kuwapeleka wote wawili kwa shilingi 50 kwa siku. Uamuzi huu haukuonekana mkubwa siku ile. Kwangu mimi ulizidi yote uzito.

Matokeo

Musa alirudi darasani Alhamisi ya 10 Julai. Tarehe 1 Agosti baba alichukua ripoti mwenyewe, lori likiwa limeegeshwa Mombasa Road. Wastani ulikuwa D+ ile ile, ila Hisabati ilikuwa imepanda kidogo. Muhula wa tatu, uliofungwa 24 Oktoba, alifika C. Hakukosa siku hata moja bila taarifa. Deni la chakula lilimalizika Septemba.

Kuna kilichopotea na hakikurudi. Mkutano wa kuchagua masomo ulifanyika Juni bila wazazi wake, na fomu yake ikajazwa na shule kufuata alama za muhula wa kwanza. Fizikia na Kompyuta zikaondolewa. Tangu KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ya 2023 gredi ya mwisho hukokotolewa kwa Hisabati, lugha moja na masomo matano bora, kwa hivyo mtoto anaweza kupata gredi nzuri bila Fizikia. Lakini Musa anataka kusomea umeme, na kozi za uhandisi hudai Fizikia. Baada ya mazungumzo, shule ilikubali kumrudishia Fizikia kwa masharti ya alama za muhula wa tatu, na akayatimiza. Darasa la Kompyuta lilikuwa limejaa. Hatalifanya.

Uchambuzi: yaliyofaa

Kwanza ni ule ukimya wa Jumapili. Mama hakujifanya hajui wala hakufoka. Alisema alichokiona, akasema kitakachofanyika, akaacha hapo. Mtoto aliyekuwa amejenga uongo wa miezi mitatu alipewa nafasi ya kuubomoa mwenyewe, na akaubomoa usiku ule ule kwa kuileta bahasha. Nimeona familia nyingi ambapo mzazi anahoji kama polisi hadi saa sita usiku, na kila swali linazaa uongo mpya ambao kesho yake mtoto inabidi aulinde.

Pili ni nusu saa ya Musa na mwalimu wa ushauri nasaha. Kikao cha nidhamu cha kawaida humkalisha mtoto mbele ya watu wazima watano na kumwambia ajitetee. Hapo hujibu "sijui", na "sijui" huandikwa kuwa kiburi. Bila nusu saa ile habari ya kitinda mimba isingetoka, na tungemrudisha darasani akiendelea kukosa Hisabati.

Tatu ni baba na zile 1,100. Angezichukua ingekuwa haki yake. Kwa kumrudishia alimwambia kijana kwamba jitihada yake, ijapokuwa mahali pake hapakuwa mjengoni, imeonekana, na kwamba deni ni lake kulimaliza kwa njia iliyo wazi.

Uchambuzi: yaliyokwama

Mwalimu wa darasa alifanya kazi yake kwa moyo, mara nyingine kwa bando lake mwenyewe, na darasa lake lina wanafunzi zaidi ya 50. Simlaumu. Lakini utaratibu wa shule ulihesabu ujumbe uliotumwa, haukuhesabu uliojibiwa. Mzazi asiyejibu kitu chochote kwa mwaka mzima ni ishara. Mtoto akikosa siku ya tatu, sauti ya mtu na isikike kwenye simu. Na ikipokewa na mtu aliye Eldoret, jambo limejulikana siku hiyo hiyo.

Kuhusu kurudishwa nyumbani kwa sababu ya chakula, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, inaruhusu shule ya umma kutoza ada nyingine zilizoidhinishwa, kwa sharti kwamba hakuna mtoto atakayezuiwa kuhudhuria shule kwa kushindwa kuzilipa. Ninaelewa kwamba mwenye kuleta maharagwe na mchele anataka pesa zake, na mgao wa serikali mara nyingi huchelewa. Hata hivyo, kumtoa mtoto darasani na kumtumaini afike nyumbani na kikaratasi ni kumwachilia barabarani saa tatu asubuhi bila mtu yeyote kujua aliko. Deni ni la mzazi, na mzazi ndiye wa kupigiwa. Kwa zile siku saba za kusubiri kikao, suala lilikuwa nidhamu, si deni, na shule ina mamlaka yake hapo. Lakini kosa lilikuwa kukosa masomo, na adhabu ikawa kukosa masomo zaidi. Mzazi akikutana na uamuzi wa namna hiyo aombe uandikwe kwenye karatasi na kusainiwa. Akiwa nao mkononi anaweza kuufikisha kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo.

Kikundi cha WhatsApp kinastahili neno. Nilikipitia kwenye simu ya mjomba kwa ruhusa yake. Tangazo la mkutano wa masomo lilikuwa limezikwa kati ya sala za asubuhi, harambee mbili na mtu anayeuza mayai ya kienyeji. Hata kama mama angekuwemo, huenda asingeliona. Kwa mzazi anayeamka kabla ya majogoo, njia iliyo salama zaidi ni kalenda. Wizara ya Elimu hutangaza tarehe za mihula yote mitatu mapema. Ziandikwe ukutani, na siku shule inapofungwa mzazi aulize ripoti usiku huo huo. Jibu likiwa "hazijatoka", asubuhi ampigie mwalimu wa darasa, bila hasira, kumwuliza zitatoka lini. Na kila Januari apite ofisini, aombe aonyeshwe kwa macho yake nambari iliyoandikwa dhidi ya jina la mtoto wake. Asiulize kama ipo. Aisome.

Nyumbani lililokwama ni gumu zaidi kulisema, kwa sababu Mama Musa anafanya kazi mpaka mwili unakataa. Kijana mkubwa kusaidia wadogo zake ni malezi mema, na Musa ana utu kwa sababu ya malezi hayo. Lakini kazi ikigongana na saa za shule, mtoto mtiifu hatasema. Atachelewa tu, atasimamishwa nje, atashuka, kisha ataona aibu ya kushuka. Mzazi ndiye wa kuuliza: unafika shule saa ngapi, na kipindi cha kwanza ni cha somo gani?

Tangu kisa hiki shule imefungua kikundi cha pili cha matangazo peke yake, ambapo ni mwalimu mkuu na naibu tu wanaoandika. Januari 2026 ilipopokea gredi ya kumi kwa mara ya kwanza, kikao cha wazazi kilirejea, na nambari za madarasa yote zikapitiwa. Ripoti za Aprili bado hutolewa kwenye bahasha kupitia kwa wanafunzi. Mama Musa, ambaye sasa yuko kwenye kamati ya wazazi wa kidato cha tatu, ameomba gredi ya kila mtoto itumwe pia kwa simu ya mzazi siku ya kufunga. Kamati imelipokea ombi, na bado wanajadili nani atalipia meseji.